Kutoka Pendekezo Hadi Skrini: Kuandaa Kipindi cha Kiswahili cha Runinga ya Wanafunzi Katika Ufuo wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Matangazo ya televisheni yalianza nchini Kenya mwaka wa 1962, na tangu enzi hizo Kiswahili hakijakosa nafasi kwenye skrini zetu. Michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, iliyorushwa na kituo cha taifa kilipoitwa Sauti ya Kenya na hata baada ya kubadilishwa jina mwaka wa 1989 kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, ililea vizazi kadhaa vya watazamaji. Miongoni mwa wahusika waliopendwa mno ni Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, msanii aliyefariki Julai 2015. Wanjau hakuwa Mluo. Aliiiga lafudhi ya Kiswahili cha Waluo kwa ustadi hivi kwamba watazamaji wengi walimdhania mwenyeji wa Nyanza.

Lafudhi hiyo ilichekesha taifa zima, na makala haya hayana ugomvi na kicheko wala na msanii aliyekileta. Swali letu ni jingine. Kando ya kuchekesha, mzungumzaji wa Kiswahili wa ufuo wa ziwa ameonekana mara ngapi kwenye skrini akiwa mjuzi, mtu anayeulizwa na kusikilizwa? Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vilivyo Kisumu, Maseno, Bondo na Homa Bay wanaishi na wazungumzaji hao kila siku. Hivyo basi, wana nafasi ya kulijibu swali hili kwa vitendo wanapopewa muda hewani na kituo cha wanafunzi.

Makala haya yanaeleza hatua za kuandika pendekezo la kipindi na kukitayarisha hadi kionyeshwe. Hoja yetu ni moja: nafasi ya mzungumzaji katika kipindi huamuliwa ndani ya pendekezo, kabla ya kamera kuwashwa. Mhariri hawezi kumrudishia heshima mtu ambaye mpango mzima ulimweka pale ili achekwe au awe pambo tu.

Kituo cha wanafunzi ni nini?

Kituo cha wanafunzi ni chombo cha utangazaji kinachoendeshwa na wanafunzi wenyewe, au na chuo huku wanafunzi wakifanya kazi nyingi za utayarishaji. Jambo hili si geni ulimwenguni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walianzisha televisheni yao mwaka wa 1964. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV, ambayo imewapa wanafunzi wa uandishi wa habari uwanja wa mazoezi kwa lugha ya Kiswahili. Chuo Kikuu cha Maseno nacho kinajulikana kwa redio yake, Equator FM, jina lililotokana na mstari wa ikweta unaopita Maseno.

Tangu Kenya ihame kutoka mitambo ya analogia hadi ya dijitali mwaka wa 2015, na tangu video zianze kusambazwa kwa urahisi kwenye intaneti, kupata mahali pa kurushia kipindi si kikwazo kikubwa kama zamani. Kikwazo kimehamia kwingine, yaani kuwa na kipindi kinachostahili kurushwa na kinachoweza kukamilika kabla ya mitihani. Ndiyo maana kamati za vipindi hudai pendekezo lililoandikwa. Kamati haitaki kujua kama unakipenda Kiswahili. Inataka kujua ni nini kitakachoonekana, nani atakayekitazama, nani atakayekifanya, kwa gharama gani na kwa muda gani.

Wazo moja, sentensi moja

Mapendekezo mengi ya wanafunzi wa lugha huanguka katika sentensi ya kwanza. Tuchukue mfano huu: "Tunapendekeza kipindi kuhusu umuhimu wa Kiswahili katika jamii." Sentensi hii ni safi kisarufi, lakini haina picha. Anayeisoma hawezi kukisia kamera itaelekezwa wapi. Matokeo yake huwa mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma ya meza akimhoji mhadhiri kwa dakika thelathini, jambo ambalo redio ingelifanya vyema na kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa tulinganishe na pendekezo hili la mfano, ambalo tutalitumia katika makala yote: "Jina la Samaki ni kipindi cha dakika 12 ambamo wavuvi, wachuuzi na wapishi wa Ghuba la Winam wanaonyesha samaki na vyombo vyao, wanaeleza majina yake kwa Kiswahili wanachokizungumza, nasi tunayalinganisha na majina yanayotumika Mwanza na pwani." Kwa sentensi moja tumejua wahusika, mahali, urefu, kitendo na swali la kiisimu. Muhimu zaidi, tumejua nani ndiye mjuzi. Mvuvi ndiye anayeeleza, na mwanafunzi ndiye anayejifunza.

Wazo hili lina uzito wa kitaaluma pia. Samaki mdogo ambaye Kisumu anaitwa omena, Mwanza anaitwa dagaa. Lakini neno dagaa pwani hurejelea samaki wadogo wa baharini, na Kigoma hurejelea wale wa Ziwa Tanganyika. Mbuta wa Kenya ndiye sangara wa Tanzania, na Uganda huitwa mputa. Samaki huyu aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, hivyo majina yake ziwani yana historia ambayo bado inaweza kusimuliwa na wazee waliomwona akifika. Ngege naye ana kisa chake. Vijana wengi humwita hivyo karibu kila samaki wa jamii ya perege, ilhali mzee wa ufuoni hutofautisha ngege wa asili, aliyeadimika sana ziwani, na yule aliyeletwa baadaye. Vivyo hivyo fulu, ambao Watanzania huwaita furu: aina zao nyingi zilitoweka mbuta alipoongezeka katika miaka ya 1980. Samaki akitoweka, jina lake hubaki kwa wachache waliomjua, na wachache hao ni wazee.

Viungo vya pendekezo

Pendekezo zuri halizidi kurasa mbili au tatu. Baada ya jina na sentensi ya wazo kuu, linapaswa kuwa na viungo vifuatavyo.

Kwanza, hadhira. Kuandika kwamba kipindi ni cha watu wote ni sawa na kutomtaja yeyote. Jina la Samaki kinaweza kulenga wanafunzi wa chuo pamoja na walimu na wanafunzi wa shule za upili za kaunti za ziwani. Hadhira hii itaathiri urefu, kasi na msamiati wa msimulizi.

Pili, muundo wa kipindi. Eleza mpangilio wa dakika. Katika mfano wetu, dakika 2 za kwanza zinaonyesha samaki na kazi, dakika 6 ni maelezo ya mwenyeji akiwa kazini, dakika 3 ni ulinganisho wa majina, na dakika 1 ya mwisho ni swali kwa mtazamaji pamoja na majina ya watayarishaji.

Tatu, orodha ya vipindi. Kamati huona ukomavu wa wazo hapa. Ukiweza kutaja mada sita zisizorudiana, wazo lina nguvu. Ukikwama kwenye ya tatu, lifikirie upya. Tunapendekeza sita, yaani omena na dagaa, mbuta na sangara, ngege na sato, fulu waliotoweka, mtumbwi na nyavu, kisha upepo na gugumaji. Msimu wa vipindi 13 ni mzuri kwa kituo kikubwa, lakini muhula wa chuo una takriban majuma 14, na watayarishaji wana mihadhara, insha na mitihani.

Nne, watu na majukumu. Mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, mnasa sauti, msimulizi na mhariri. Mtu mmoja anaweza kubeba majukumu mawili, ila mnasa sauti asipewe kamera wakati uo huo. Onyesha pia nani atarithi kazi wahitimu watakapoondoka, kwani vipindi vingi vya wanafunzi hufa siku ya mahafali.

Tano, bajeti. Orodhesha nauli ya matatu kutoka chuoni hadi ufuoni, kukodi mashua, betri na kadi za kumbukumbu, chakula cha kikosi, na diski mbili za kuhifadhia picha. Kila kifaa kinachopatikana chuoni kitajwe kuwa kipo, ili kamati isidhani kimesahauliwa.

Sita, kielelezo. Dakika 3 za majaribio zilizopigwa hata kwa simu hueleza zaidi ya kurasa kumi. Kamati ikimsikia mwenyeji mmoja akieleza jambo kwa ufasaha, imekwisha kukielewa kipindi.

Ratiba inayolitii ziwa

Ratiba nyingi huandikwa kwa kufuata kalenda ya chuo pekee. Ufuoni kuna kalenda nyingine. Uvuvi wa omena hufanywa usiku kwa taa, na hustawi zaidi katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwangaza wa taa hauwavuti samaki vilivyo. Kwa hiyo mtayarishaji anayetaka picha za omena wakishushwa alfajiri sharti atazame mwezi kabla ya kupanga siku. Aidha, nchini Kenya kuna kipindi cha kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, ili samaki wazaliane. Kikosi kitakachofika Mei kitakuta mitumbwi imepumzika.

Gugumaji nalo halina miadi. Upepo ukigeuka, zulia la kijani linaweza kuziba ghuba na mashua zisitoke. Weka siku mbadala kwa kila siku ya kupiga picha, na uwe na mada ya nchi kavu, kama vile soko la Kibuye au jikoni, ya kufanyiwa kazi maji yanapofungwa.

Lugha ya mzungumzaji

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Dholuo haina sauti /sh/, /z/ wala /v/. Mluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kutamka "samba" akikusudia shamba. Mwanafunzi wa fonolojia anaelewa kwamba hii ni athari ya kawaida ya lugha ya kwanza, sawa na ile isikikayo katika Kiswahili cha Mkikuyu, cha Mkamba au cha Mzungu. Haisemi lolote kuhusu akili ya mzungumzaji wala kiwango cha maarifa yake. Lakini skrini imeizoesha hadhira kucheka inapoisikia, na mazoea hayo hayatatoweka kwa sababu tu tumewatakia watu mema.

Tunapendekeza kanuni tatu ziandikwe ndani ya pendekezo lenyewe. Kanuni ya kwanza: mgeni hasahihishwi mbele ya kamera. Msimulizi atumie Kiswahili sanifu, mwenyeji atumie Kiswahili chake, na mtazamaji asikie vyote viwili bila kimoja kukiadhibu kingine. Kanuni ya pili: maandishi chini ya skrini yatumike pale tu mzungumzaji anapohamia Dholuo au sauti isiposikika vyema kwa sababu ya upepo. Kumwekea maandishi mtu anayezungumza Kiswahili kinachoeleweka ni kumwambia mtazamaji kwamba hicho si Kiswahili. Kanuni ya tatu: vicheko visiongezwe katika uhariri, wala muziki wa vichekesho. Mwenyeji akifanya utani, utani wake ubaki, kwa maana hapo anacheka nasi.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba chama cha Kiswahili kina wajibu wa kueneza usanifu, na kwamba kuonyesha matamshi ya aina hii ni kuyabariki. Pingamizi hili lina uzito, na halipaswi kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba usanifu hauhatarishwi na ushahidi. Kipindi kina msimulizi anayezungumza lugha sanifu tangu mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Lugha ya taifa haiwezi kuwa ya taifa ikiwa sehemu ya taifa inaizungumza kwa haya. Isitoshe, Kiswahili si mgeni wa jana ziwani. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, bandari ikakua, na mitaa kama Kaloleni ina wakazi ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi.

Mswada wa safu mbili

Mswada wa runinga huandikwa kwa safu mbili, ya picha na ya sauti. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea insha huijaza safu ya sauti na kuiacha ya picha tupu. Dawa ni kuanza na picha. Ufuatao ni mfano mfupi.

PICHA: Mikono ya mama ikitandaza omena juu ya wavu kuukuu mchangani. Sura haijaonekana.
SAUTI: Mawimbi na mchakacho wa samaki wakavu. Hakuna msimulizi kwa sekunde 6.

PICHA: Mama anainua konzi ya omena mbele ya kamera. Sura yake inaonekana kwa mara ya kwanza.
SAUTI: Mama anaeleza namna ya kumtambua omena aliyekauka vyema.

PICHA: Neno "omena" linaandikwa kwenye skrini, kisha "dagaa".
SAUTI: Msimulizi, sentensi 2, zisizozidi sekunde 15.

Tazama kwamba maneno ya mama hayakuandikwa. Mtayarishaji huandika swali na mada, kisha humwachia mjuzi lugha yake. Maneno ya msimulizi ndiyo yanayoandikwa neno kwa neno, na yasomwe kwa sauti huku saa ikitazamwa. Sentensi inayopendeza ukurasani inaweza kumkata pumzi msomaji kabla ya nukta.

Siku ya kupiga picha

Sauti hushinda picha. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini huhama mara moja asiposikia. Ufuo wa Dunga, kama fuo nyingine, una upepo, injini za mashua, redio na ndege. Kipaza sauti cha kubandika nguoni kifunikwe kwa sponji au manyoya ya kuzuia upepo, na mnasa sauti avae visikizi wakati wote. Kabla ya kuondoka, narekodi dakika 1 ya sauti ya mahali pale bila mtu kuzungumza. Mhariri ataihitaji kufunika mipasuko.

Kuhusu mwanga, tuko kwenye ikweta. Jua hupanda haraka, na adhuhuri huwa utosini, likiyatia macho kivuli na kuufanya uso wa maji umetemete kupita kiasi. Saa za kufanya kazi ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri. Saa za katikati zitumike kwa mahojiano chini ya kivuli cha mti au kibanda.

Urefu wa kamera nao una maana. Mpiga picha anayesimama akimwelekezea kamera mama aliyeketi mchangani anamfanya mama huyo aonekane mdogo. Apige goti. Kamera ikiwa sawa na macho ya mzungumzaji, heshima inaonekana hata kabla neno halijatamkwa.

Ruhusa, sheria na staha

Ufuo una wenyewe. Kamati ya usimamizi wa ufuo, ambayo wavuvi huiita BMU, ndiyo ya kuonwa kwanza, ikifuatwa na mtu binafsi atakayehojiwa. Ridhaa ielezwe kwa lugha anayoielewa mhusika, ikitaja picha zitaonyeshwa wapi na zitahifadhiwa kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahusu picha na sauti za watu, na kwa watoto ridhaa ya mzazi au mlezi ni lazima. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inahusu leseni za filamu zinazokusudiwa umma. Mlezi wa kituo aulizwe mapema. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 haimruhusu mtu kupachika wimbo wa benga chini ya picha zake kwa kuwa tu anaupenda. Wanamuziki wa chuoni wanaweza kutunga mlio mfupi wa kipindi.

Staha inavuka sheria. Mgeni anayefika ufuoni na kamera mara nyingi hutamani kuuliza kuhusu jaboya, mtindo ambao mchuuzi mwanamke hudaiwa ngono ili auziwe samaki. Suala hilo ni la kweli na ni zito, lakini lina kipindi chake, maandalizi yake na ulinzi wake. Mama aliyekubali kueleza majina ya samaki asichomolewe swali hilo kwa kushtukizwa. Amekuja kama mjuzi, na aondoke akiwa mjuzi.

Uhariri na hifadhi

Tukichukulia kwamba kila dakika itakayoonyeshwa hutokana na dakika 8 zilizorekodiwa, kipindi kimoja cha dakika 12 kitakuwa na dakika 96 za malighafi, na vipindi sita vitakuwa na zaidi ya saa 9. Lazima mtu azitazame zote, aandike yaliyomo na wakati yanapotokea. Kazi hii inachosha, ila inafaa kufanywa na wanafunzi wa isimu, kwa sababu orodha hiyo ni data. Kando ya kila neno andika mahali, tarehe, kazi ya mzungumzaji na rika lake. Nakala moja ya picha zote ibaki kituoni, nyingine ipelekwe maktaba ya chuo, kwa kuzingatia masharti ya ridhaa.

Kipindi kilichokamilika kirudishwe ufuoni na kuonyeshwa kwa walioshiriki kabla ya kurushwa. Watasahihisha jina lililokosewa, na kwa jambo hili wao ndio wahakiki bora kuliko kamati yoyote.

Hitimisho

Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwanza apewe uwanja. Kituo cha wanafunzi ni uwanja mdogo, wenye kamera chache na watazamaji ambao huenda wasijaze hata ukumbi mmoja. Hata hivyo, chama kitakachokamilisha vipindi sita kitakuwa na dakika 72 za Kiswahili cha ziwani kikizungumzwa na wenyewe, pamoja na orodha ya maneno ambayo mtunzi wa kamusi anaweza kuipima. Wazee wanaomtofautisha ngege wa asili na wa kuletwa wanaendelea kupungua. Kamati ya vipindi hukutana mwanzoni mwa muhula, nayo haiwezi kuidhinisha pendekezo ambalo halijaandikwa.